Mwenyeji wa Djursholm

Jumamosi iliyopita nilipanda treni ya Roslagsbanan kutoka Stockholm kwenda Djursholm, kuitazama nyumba ya mtu aliyefariki mwaka 1927. Theluji ilikuwa inayeyuka, njia imejaa ile changarawe wanayomwaga ili watu wasiteleze. Safari hiyo niliahidi kwa bibi mmoja, marehemu sasa, niliyemhudumia zamu za usiku nilipokuwa nalea wazee. Alikuwa mwalimu wa hisabati mstaafu. Siku aliposikia kwamba nami nilifundisha hesabu sekondari Tanga kwa miaka sita, alikaa kitako kitandani akaomba karatasi na kalamu. Saa nane za usiku tukawa tunatafuta majibu ya milinganyo, na katikati ya kazi ananisimulia habari za mwenye nyumba hiyo, mwanahisabati Gösta Mittag-Leffler, na mgeni wake.

Mittag-Leffler alizaliwa Stockholm mwaka 1846. Leffler ni jina la baba yake, mwalimu mkuu wa shule; Mittag ni la ukoo wa mama, akaliongeza mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Alipata shahada ya uzamivu Uppsala mwaka 1872, kisha akapata ufadhili uliomtaka akasome nje. Akaenda Paris kwa Charles Hermite. Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Wajerumani, kidonda bado kibichi, lakini Hermite alimwambia kijana huyu aende Berlin kwa Karl Weierstrass, kwani huyo ndiye mwalimu wao wote. Akaenda. Baadaye akawa profesa Helsinki hadi 1881, ndipo akarudi kwao kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Stockholm.

Wanahisabati wanamtaja kwa kanuni yenye jina lake katika uchambuzi wa namba changamano. Mimi namtazama kwa jambo jingine: huyu aliula ujana wake ugenini, na aliporudi hakusahau ugeni ulivyo. Mwaka 1882 alianzisha jarida la Acta Mathematica, ambamo Wafaransa na Wajerumani waliokuwa hawatazamani usoni waliweza kuandika pamoja. Mwaka uliofuata akamleta Sofia Kovalevskaya.

Sofia alikuwa Mrusi, mwanafunzi wa Weierstrass, mwenye shahada ya uzamivu tangu 1874. Kazi ya chuo hakuipata popote, kwa kuwa ni mwanamke. Mumewe alijiua mwaka 1883, akamwacha na mtoto mdogo wa kike. Novemba mwaka huo huo akashuka Stockholm. Mittag-Leffler alipigana mpaka akampatia nafasi ya kufundisha, lakini mwanzoni chuo hakikumlipa mshahara. Alitegemea ada za wanafunzi wake. Hapo bibi aliposimulia niliweka kalamu chini. Nami nilikaa miezi mitano katika shule moja ya mji huu bila malipo, ile wanayoiita praktik, nikiambiwa kila mwezi nivute subira.

Mhadhara wa kwanza Sofia aliutoa kwa Kijerumani. Haukupita muda mrefu akawa anafundisha kwa Kiswidi. Anayejifunza lugha hii ukubwani anajua uzito wa jambo hilo. Chukua neno bråk: ni ugomvi, na pia ni sehemu, zile nusu na robo za darasani. Mimi nililijua kwanza kwa maana ya ugomvi, na nilipolisikia kwenye somo la hesabu ilinibidi nijifunze upya kitu nilichokifundisha miaka sita.

Mwaka 1884 Sofia akapewa uprofesa wa miaka mitano, na 1889 wa kudumu. Katikati, mwaka 1888, alishinda tuzo ya Bordin ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwa hesabu za mzunguko wa kitu kigumu kilichoshikizwa nukta moja, kama pia ya watoto inavyozunguka huku inayumba. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba zawadi ilipandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Kwetu Pwani tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Stockholm ilipona kweli.

Sitamfanya Mittag-Leffler malaika. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aliposhinda tuzo ya Oscar II, mfalme wa Uswidi, mwaka 1889, kosa kubwa likaonekana katika kazi yake ikiwa imekwisha kuchapwa katika Acta. Mittag-Leffler alizikusanya nakala kimyakimya ili aibu isienee, na Poincaré akalipa zaidi ya krona 3,500 kwa uchapaji mpya, wakati zawadi yenyewe ilikuwa krona 2,500. Mimi ningependa watu waambiwe ukweli palepale, hasa kwa vile marekebisho ya kosa hilo ndiyo yaliyozaa fikra za mwanzo za nadharia ya vurugu, yaani hisabati ya mambo ambayo tofauti ndogo mwanzoni huyabadilisha kabisa mwishoni.

Sofia alifariki Februari 1891 kwa homa ya mapafu, ana miaka 41. Amezikwa hapa hapa, makaburi ya Norra, Solna. Mwenyeji wake aliishi miaka 36 zaidi, na katika wosia wa 1916, yeye na mkewe Signe waliitoa nyumba ya Djursholm pamoja na maktaba yake kwa ajili ya hisabati. Leo wanahisabati wa mataifa mbalimbali hufikia pale kufanya utafiti.

Nilisimama nje ya uzio muda mrefu. Mkobani nilikuwa na ile karatasi ya usiku wa kwanza. Kwetu mwalimu huweka vema kwenye jibu sahihi; Uswidi alama inayofanana na vema ni ya kukosa, na jibu sahihi huandikiwa R. Usiku ule nilidhani bibi ananikosoa. Kuna R saba kwenye karatasi, kwa wino wa bluu, na ya mwisho imepinda kwa sababu mkono wake ulikuwa umechoka.