Wosia wa Epicurus

Leo nimeirudia barua ya mwisho ya Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ile fupi aliyomwandikia rafiki yake Idomeneus. Ni Athens, mwaka 270 K.K. Mzee ana miaka 72, mkojo umeziba kwa ajili ya mawe, tumbo la kuhara halimwachi, na anajua haponi. Anasema maumivu yake hayawezi kuzidi hapo yalipofika, ila anakabiliana nayo kwa furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yao. Kisha anaomba jambo moja tu: watoto wa Metrodorus watunzwe.

Metrodorus alikuwa swahiba wake, naye alikwisha tangulia. Roho inatoka kwa uchungu, na bado mtu anahangaikia mayatima wa mwenzake!

Huyu ndiye waliyemsingizia ulafi kwa karne nyingi. Alifundisha kwamba raha ndiyo lengo la maisha, watu wakadhani karamu na ulevi. Kumbe yeye alikuwa akimaanisha mwili usioumwa na moyo usio na wasiwasi. Alitosheka na mkate na maji. Aliwahi kumwomba rafiki ampelekee chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka kujifurahisha awe nacho.

Shule yake ilikuwa bustani aliyoinunua Athens yapata mwaka 306 K.K. Wanawake walisoma humo, na watumwa pia. Mmoja wao, Mys, alisoma falsafa naye, na wosia wake, ulioandikwa kando na ile barua, ukamwacha huru pamoja na Nicias, Lycon na mwanamke aitwaye Phaedrium. Hapo moyo wangu hugoma kidogo. Kwa nini wasubiri mpaka afe? Mtu aliyeuelewa urafiki kiasi kile angeweza kuwaacha huru mapema, na sitamtetea kwa hilo.

Ila neno lake ninalolitafuna zaidi, tangu tumzike mama, ni lile la kifo: kwamba si kitu kwetu, kwa kuwa tukiwepo sisi chenyewe hakipo, na kikifika sisi hatupo. Linamfariji anayeondoka. Sisi tuliobaki, kifo tunacho kila asubuhi.

Nadhani mwenyewe alilijua hilo, maana wosia uleule unaagiza wanafunzi waendelee kukutana kila tarehe 20 ya mwezi, kumkumbuka yeye na Metrodorus. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, alimkosoa: kama kifo si kitu, mkusanyiko wa nini? Mimi namwelewa Epicurus. Maiti haihitaji kitu. Walio hai ndio wanaohitaji kukaa pamoja na kumtaja mtu wao.

Dada yangu anaona tuache kisomo cha kila mwaka cha mama, gharama zimetuelemea. Kesho nitampigia. Pilau na turubai tuviache, hata mimi sivitaki. Chai na maandazi vinatosha, mradi tukutane sote na wajukuu wasikie habari za bibi yao.