Mjomba aliniambia nimwamshe wakishinda tu

Mjomba aliniambia hivi, wakishinda niamshe, wakifungwa niache nilale. Akaingia chumbani saa mbili na nusu usiku mechi hata haijaanza, maana zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi alfajiri na miaka yote ile ya kuzoa taka hajawahi kuchelewa kazini. Ilikuwa Jumapili tarehe 20 Mei 2012, raundi ya mwisho ya Ligue 1, na timu ya mtaani kwetu, Montpellier, ilikuwa inatafuta pointi moja tu iwe bingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza toka ianzishwe.

Nikisema timu ya mtaani kwetu namaanisha kweli. Tulikuwa tunakaa La Paillade, ukipanda tramu ya laini ya kwanza, ile ya bluu yenye ndege weupe, ukaenda nayo mpaka mwisho unashuka Mosson na uwanja ndo upo hapo hapo, Stade de la Mosson. Mashabiki wenyewe mara nyingi hawasemi Montpellier, wanasema La Paillade, jina la mtaa wa magorofa uliojaa Wamoroko na Waaljeria na watu wa kipato cha chini kutoka kila kona.

Mimi nilifika pale Septemba 2011 kusoma mambo ya kilimo, mtoto wa Tanga, Kifaransa cha kuokoteza na baridi sijaizoea. Na Mjomba si mjomba wangu wa damu. Ni Mngazidja aliyezaliwa Unguja, kakulia Kikwajuni. Siku ya kwanza alinikuta kwenye ngazi za gorofa naongea na mama kwa simu, akasimama pembeni na mifuko yake ya sokoni akanisubiri mpaka nikate, akaniuliza mwanangu, hicho Kiswahili umetoka nacho wapi? Nikamwambia shikamoo mjomba. Akakaa kimya kidogo ndo akaitikia marahaba, akasema ana miaka hajaamkiwa hivyo. Kuanzia wiki ile kila Jumapili nilikuwa nakula kwake, wali wa nazi na samaki, na mpira unaangaliwa.

Sasa ili uelewe kwa nini ule msimu ulimkaa moyoni, inabidi umjue mwenye timu. Louis Nicollin, watu walikuwa wanamwita Loulou, tajiri mnene mwenye mdomo usio na breki, aliikamata klabu mwaka 1974 na hela zake zilitoka kwenye taka. Ndiyo, taka. Kampuni ya kuzoa taka. Na gari ambalo Mjomba alikuwa anasimama nyuma yake kila alfajiri lilikuwa limeandikwa jina hilo hilo la Nicollin. Kwa hiyo Giroud, mshambuliaji wetu, akifunga Mjomba alikuwa anasema lile goli na sisi tumo ndani yake, kila ndoo tuliyomwaga imo. Alikuwa anasema kwa uzito kabisa, na mimi naona alikuwa sahihi.

Wapinzani wetu walikuwa PSG, timu ya Paris, ndo kwanza Waqatar wameinunua 2011, wakamleta Javier Pastore kwa euro milioni 42, kiasi ambacho ligi ile ilikuwa haijawahi kuona. Desemba wako juu ya msimamo wakamfukuza kocha wao Antoine Kombouaré wakamchukua Carlo Ancelotti, yaani unaongoza ligi na bado unaambiwa hutoshi. Septemba walikuja Mosson wakatupiga 3-0, wengi wakajua stori imeishia hapo. Sisi tulikuwa na nini? Giroud aliyetoka Tours ya daraja la pili, Hilton beki Mbrazili ambaye Marseille walimwachia aende bure na umri umeshaenda, Souleymane Camara Msenegali, na vijana wa akademi ya pale pale, Belhanda, Cabella, Stambouli, na kapteni Mapou Yanga-Mbiwa mzaliwa wa Bangui. Kocha René Girard, mtu asiyecheka ovyo. Msimu wa kabla yake timu ilimaliza ya 14.

Baba yangu aliponipigia kutoka Tanga nikawa namsimulia hii timu, akanikatisha, akasema hiyo ni Coastal Union ya 1988. Watu wa Tanga watanielewa. Mwaka ule Wagosi wa Kaya, ndo Coastal wenyewe, walichukua ubingwa wa Tanzania mbele ya Simba na Yanga, na mpaka leo ukimgusa baba kwenye hilo anakutajia kikosi kizima mmoja mmoja. Nilikua nikiamini zile ni hadithi za wazee. Sasa nikajikuta niko ndani ya 1988 yangu mwenyewe, kwenye nchi ya watu.

Wiki moja kabla, tarehe 13 Mei, Lille walikuja Mosson, mabingwa watetezi wakiwa na Hazard. Mjomba alikuwa kapata tiketi mbili. Mpira 0-0, dakika 90 zimeisha, watu wameanza kupiga hesabu za sare, dakika ya 90+4 Giroud akakomaa na beki pembeni kabisa akamshinda nguvu akapenyeza ndani na Karim Aït-Fana akaweka kambani. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mjomba alinishika kichwa kwa mikono miwili kama unavyomshika mtoto anayetoka kuumwa akawa anasema alhamdulillah, alhamdulillah, na Mmoroko wa kiti cha nyuma akatukumbatia wote wawili kwa pamoja.

Basi ndo nikawa mimi sebuleni kwa Mjomba, sauti ya TV nimeishusha mpaka chini, yeye yuko nyuma ya mlango. Tuko Auxerre, timu ambayo imeshashuka daraja baada ya kukaa ligi kuu toka 1980, na mashabiki wao wana hasira. Hesabu ilikuwa hivi, tukipata sare tumemaliza, ila tukifungwa na PSG akashinda kule Lorient tunalingana pointi na wao wanatupita kwa tofauti ya magoli.

Dakika ya 20 Olivier Kapo akatufunga. Nikaangalia mlango wa Mjomba. Dakika ya 32 John Utaka, Mnaijeria wetu, akasawazisha, nikauma mto wa kochi nisipige kelele.

Kipindi cha pili ndo mateso. Mashabiki wa Auxerre wakaanza kutupa vitu uwanjani, mipira ya tenisi, mayai, karatasi za chooni, mafataki ya moshi, refa akasimamisha mechi wachezaji wakaingia ndani, wakatoka, ikasimama tena. Kule Lorient PSG wametangulia kufungwa wakarudisha wakaongeza la pili, wakamaliza mechi yao 2-1, na sisi bado tuko katikati ya yetu, 1-1, goli moja tu la Auxerre na ubingwa unaenda Paris. Hebu fikiria ile hali. Mwenzako kashamaliza mtihani amekaa nje anakusubiri ukosee. Mimi nilikuwa natembea kutoka jikoni hadi dirishani, nje magorofa yote taa zinawaka, kila dirisha TV, na mtaa mzima kimya kama kuna msiba.

Dakika ya 76 Utaka tena. 2-1. Hapo nilipiga kelele, siwezi kusema uongo, lakini mtaa mzima ulipiga pamoja na mimi kwa hiyo sijui ni nani hasa aliyemwamsha Mjomba. Mlango haukufunguka. Nikangoja mpaka filimbi ya mwisho kama alivyoniagiza, pointi 82 kwa 79, ndo nikagonga.

Alikuwa amekaa kitandani, taa imezimwa, tasbihi mkononi. Hakuwa amelala hata kidogo. Akauliza nani kafunga? Nikamwambia Utaka, yote mawili. Akasema nieleze moja moja, usiruke kitu. Nikakaa chini kwenye zulia nikamweleza lote, na mayai na moshi na ile kusimama kusimama, yeye anatingisha kichwa tu. Nilipomaliza akaniambia nenda mjini mwanangu, kashangilie na fungu langu.

Place de la Comédie, ule uwanja wa katikati ya mji, ilikuwa imejaa, vijana wamepanda juu ya chemchemi ya Trois Grâces, bendera za bluu na chungwa, mbinja, honi, watu wasiojuana wanabusiana mashavu. Kila mtu anauliza Nicollin atatimiza ahadi au vipi, maana alisema timu ikichukua ubingwa atanyoa kiduku cha rangi za klabu. (Alinyoa, mzee wa miaka 68, picha zake zikazunguka Ufaransa nzima.) Nikakaa mpaka kukaanza kupambazuka, sauti imekauka, tumebaki wachache tumekaa chini na uwanja mzima umejaa chupa na makopo na karatasi.

Ndo gari likaingia. Taa zake za njano zinazunguka, jina la Nicollin ubavuni, na nyuma yake kasimama Mjomba na reflekta yake, skafu ya timu kaizungusha shingoni juu ya ile reflekta. Wale vijana waliobaki wakasimama. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakaimba Loulou, Loulou, wakilipigia gari la taka makofi kama ndo basi la wachezaji. Mjomba hakujua aweke wapi uso. Akanyanyua mkono mmoja juu, akashuka, akaanza kukusanya chupa.

Nikaenda kumsaidia akakataa, akasema hii kazi yangu, wewe una darasa saa mbili, nenda kaoge. Halafu akainama akaokota skafu moja ya bluu na chungwa iliyokanyagwa kanyagwa, akaikung'uta mara mbili kwenye paja lake, akanivisha shingoni, akarudi kwenye ngazi yake ya nyuma akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, dereva akaondoa.