Kumbukumbu ya mradi: seva ya nyumbani na grafu zake

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayotunza picha za familia, sasa inapimwa kila sekunde 15 na Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, na Grafana, programu ya grafu, inachora. Vipimo viko tele. Kazi ya wiki hii ilikuwa kuamua kila kimoja kichorweje.

Joto la prosesa limekuwa mstari wa kawaida, na nimeuwekea mpaka mwekundu kwenye nyuzi 80, maana hapo ndipo Pi huanza kujipunguzia kasi. RAM nimeichora kwa maeneo yanayopandana: inayotumiwa na programu, inayoshikwa na Linux kama akiba ya muda (cache), iliyo huru. Mtindo huo unafaa kwa sababu vipande vyote vikijumlishwa vinarudi GB 4 zilezile. Mtandao una jambo lake: Prometheus huhesabu baiti kwa kaunta, na kaunta hupanda tu hadi mashine iwashwe upya. Ukiichora ilivyo unapata mlima usiosema lolote. Kwanza naipitisha kwenye rate(), amri ya Prometheus inayokokotoa kasi ya kupanda, ndipo nione baiti kwa sekunde.

Nilipokaa sana ni kwenye muda wa kufungua picha. Mstari wa wastani ulikuwa umetulia karibu na milisekunde 400, huku nyumbani watu wanalalamika. Nikabadilisha kuwa ramani ya joto (heatmap): saa kwa mlalo, muda wa kujibu kwa wima, rangi ikikolea palipo na maombi mengi. Ikajitokeza mikanda miwili. Mmoja mnene, chini ya milisekunde 100, wa picha ndogo zilizokwisha kuandaliwa. Mwingine mwembamba, karibu na sekunde mbili, wa picha kubwa zinazosomwa kutoka diski ya nje. Wastani ulikuwa unapita katikati yake, mahali ambapo hapakuwa na ombi hata moja! Kwa mfumo wowote unaomjibu mtu, siuamini tena mstari wa wastani peke yake.

Geji za duara, zile za mshale kama za spidi ya gari, nimeziondoa zote. Watafiti wa grafu Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba jicho husoma nafasi kwenye mizani moja kwa usahihi kuliko pembe. Tena geji haikuonyeshi jana. Swali la diski ni itajaa lini, na mstari wa siku 30 unalijibu kwa mwinamo wake.

Limebaki suala la umeme. Ukikatika, Prometheus inazimika pamoja na Pi, vipimo vinakosekana. Grafana inaweza kuliziba pengo kwa kuunganisha mstari. Nimeizuia, kwa sababu mstari ulionyooka juu ya saa tatu za giza ni uongo. Hatua inayofuata ni kuihamishia Prometheus kwenye laptop yenye betri nzima, na ruta nayo niipatie betri. Hapo kipimo cha up, kinachosema kama mashine inajibu (1) au la (0), kitaandika 0 Pi ikizimika, na ukanda wa hali, grafu inayoonyesha kwa rangi lini mashine ilikuwa hai au imezimika, utapata cha kuchora.