Watu wa kwenye simu walijua kabla ya shoga yangu

Mwaka jana mimba yangu iliharibika, ilikuwa wiki ya 11. Aliyejua ni mume wangu tu. Usiku wa pili usingizi umegoma kabisa, saa nane hiyo, nikashika simu nikaandika kila kitu kwenye grupu la wanawake ambalo nipo miaka mitatu sasa na wengi wao hata sura sizijui.

Nusu saa haijaisha wameshajibu kama kumi. Mmoja yalishamkuta mara tatu. Mwingine akanielekeza damu ikizidi kiasi gani nikimbilie hospitali, nisisubiri asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia "utapata mwingine" na jamani hilo neno linauma sijui kwanini watu wanalipenda. Nililia na simu mkononi, kwahiyo mtu asije kuniambia marafiki wa mtandaoni sio wa kweli.

Sasa shoga yangu, tunajuana toka tuko wadogo, alikuja kujua siku tisa baadae. Simu ilikuwa mezani ikawaka, "pole mama, mtoto wako tunamkumbuka". Akasoma. Hakugomba wala nini, aliniuliza tu, "wao walijua lini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiria sana. Kuna mwanasaikolojia anaitwa John Suler, mwaka 2004 aliandika kwamba mtandaoni watu tunafunguka zaidi, sababu mojawapo ni kwamba hatuonani. Kwangu ndo ilikuwa hivyo hasa. Ningemwambia shoga yangu ningeona uso wake unavyobadilika, angelia, halafu ningeanza mimi kumbembeleza yeye, maana sisi wanawake tumezoea hivyo, hata ukifiwa wewe unahakikisha wageni wako sawa. Sikuwa na hizo nguvu. Kwenye simu nilikuwa naandika, nafuta, nalia, naandika tena na hakuna wa kumtuliza.

Lakini alivyojua alikuja. Akafua nguo zilizolundikana, akapanga, akakaa pembeni yangu kitandani mpaka jioni bila kusema chochote. Hicho grupu haliwezi, kule ukinyamaza hakuna anayejua kama upo. Na pia kule niliyoyaandika yamebaki, mtu yeyote anaweza kupiga skrinishoti, nikikumbuka hilo moyo unaenda mbio.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Jeffrey Hall, alikadiria kwamba inachukua zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja mpaka mtu awe rafiki wa karibu. Mimi na shoga yangu tulizimaliza utotoni huko. Ila na zile saa za usiku za miaka mitatu mimi nazihesabu, siwezi kuzitupa.

Siku hizi nikianza kumhadithia kitu ananikatisha, "hili wa kwenye simu wanalo?" Mara nyingi namwambia ndio. Juzi nilimwambia bado, akavuta kiti.