Nilivyoziba tundu la vitu vya Java kwenye seva yetu Kisumu

Seva inayounganisha malipo ya simu na akaunti za wanachama katika Sacco moja hapa Kisumu ilikuwa imeachwa kwenye Apache Camel 2.15.2, programu ya Java ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo. Toleo hilo lina tundu la usalama lililosajiliwa kama CVE-2015-5348. Ombi la HTTP likiingia kupitia camel-servlet au camel-jetty, sehemu za Camel zinazopokea maombi ya wavuti, likijitambulisha kuwa application/x-java-serialized-object (kitu cha Java kilichogeuzwa kuwa baiti), mwili wake unafunguliwa kwa readObject, amri ya Java inayorudisha baiti kuwa kitu, bila swali. Maktaba zikiwa na mnyororo unaofaa, yaani klasi zinazoitana zenyewe kitu kinapofunguliwa, mtu wa nje anaendesha amri.

Niliambiwa nipandishe maktaba ya Commons Collections tu, kutoka 3.2.1 hadi 3.2.2. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Ndiyo, 3.2.2 inazuia kufunguliwa kwa InvokerTransformer, klasi inayotumika kwenye mnyororo wa maktaba hiyo, lakini minyororo ya namna hiyo imo pia kwenye maktaba nyingine kama Spring na Groovy. Wengine wakadai klasi ngeni itakataliwa kitu kikigeuzwa kuwa aina tunayoitarajia. Wakati huo readObject imeshamaliza na amri imeshapita.

Nikahamia Camel 2.15.5, ambako tundu hilo limezibwa. Ikabaki njia ya ndani ambako mfumo wa zamani wa hesabu hutuma vitu vya Java. Hapo nikatumia jdk.serialFilter, kichujio cha Java cha klasi zinazoruhusiwa kufunguliwa, kilichopo tangu Java 8u121. Nikaandika:

java.lang.*;java.util.*;malipo.data.*

Kisha nikatuma mnyororo wa URLDNS kutoka ysoserial, zana ya kujaribu matundu ya aina hii, nikiangalia poti 53, ya kutafuta majina ya hosti (DNS), kwa tcpdump, zana ya kutazama trafiki ya mtandao. Haudhuru kitu, unalazimisha seva itafute jina la hosti, basi. Badili jina hilo kila jaribio, maana Java hukumbuka majibu. Jina likatafutwa! Kichujio hakikuzuia chochote, kwa sababu klasi isiyotajwa popote haikataliwi, inaachwa ipite. Lazima orodha iishie kwa !*, yaani kataa kingine chochote, na hiyo iwe mwisho kabisa: orodha husomwa kutoka kushoto, na kinachofanana kwanza ndicho kinachoamua.

Nilipoiongeza, java.net.URL, klasi iliyomo kwenye URLDNS, ikagonga mwamba: InvalidClassException, filter status: REJECTED. Malipo halali nayo yakakwama, kwani kiasi cha pesa ni BigDecimal, klasi ya namba iliyo kwenye java.math. Ongeza java.math.* kabla ya !* na usiondoe java.lang.*, kwa kuwa BigDecimal hurithi java.lang.Number, na klasi mzazi hukaguliwa pia.

Orodha niliiweka ndani ya jre/lib/security/java.security. Kwenye mstari wa amri, shell huikata penye nukta mkato usipoizungushia alama za nukuu. Ukipandisha Java, angalia kama faili hilo halijarudishwa jipya.

Huduma ilizimwa kama nusu saa hivi, usiku.