Siku moja maishani mwangu: kutafuta fedha za nyumba ya tawi

Saa 12 asubuhi. Hapa Ohio, Marekani, ndiyo kwanza kunapambazuka, Tanga ni saa 7 mchana. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bado mnachangisha ile nyumba?"

Bado. Mama amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi mtaani kwetu miaka na miaka, kwa hiyo kazi yangu anaielewa bila kuelezwa mara mbili: kadi, ahadi, na kufuatilia ahadi.

Nimeajiriwa na shirika la wahitimu wa fratenati niliyojiunga nayo nilipokuwa nasoma hapa. Fratenati ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume chuoni. Vijana wa tawi, yaani wanachama wa chuo kimoja, huishi pamoja, wanakula na kusoma nyumba moja, lakini nyumba yenyewe mara nyingi ni mali ya shirika la kaka zao waliohitimu. Yetu imechakaa. Tunajenga mpya.

Saa 3. Nakaa na orodha ya majina. Kampeni ya namna hii haianzi kwa tangazo. Tunawaendea kwanza wachache wenye uwezo mkubwa, ana kwa ana, kimya kimya, na barua kwa wahitimu wote zinasubiri hadi nusu ya fedha au zaidi iwe imeahidiwa. Ahadi hulipwa kwa awamu, miaka mitatu hadi mitano.

Saa 4 na nusu. Simu ya kwanza, na swali la kodi. Mchango kwa shirika la nyumba haumpunguzii mtu kodi, maana sheria ya Marekani inaihesabu fratenati kama klabu ya kijamii. Ukipitia mfuko wa elimu, sehemu ya chumba cha kusomea inaweza kupata nafuu. Sebule na jiko, hapana. Nasema wazi hata nikihisi ahadi itapungua.

Saa 7 mchana. Mgahawani na mzee mmoja wa tawi letu. Natandaza ramani ya nyumba mpya mezani, nasogeza vikombe. Wengi huchagua kuchangia ukumbi au maktaba, mahali ambapo jina lao litasomeka mlangoni. Yeye anapitisha kidole kwenye mchoro wa dari, chumba hadi chumba.

"Hivi vidoti vyekundu ni nini?"

Namwambia ni vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Namweleza habari za Chapel Hill, North Carolina: Mei 1996, siku ya mahafali, nyumba ya fratenati iliungua alfajiri, wanafunzi watano wakafa. Haikuwa na vinyunyizio. Baada ya hapo mji ule ukazilazimisha nyumba za fratenati kuviweka.

Anakunja kitambaa cha karatasi mara mbili, mara tatu. Aliishi ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya zamani, anasema, chumba chenye dirisha lisilofunguka.

"Niandikie vidoti."

Saa 10. Napita nyumba ya zamani, napanda moja kwa moja juu. Dirisha lile naamini ndilo hili: rangi imepakwa juu ya rangi mpaka fremu na kizingiti vimeshikana. Kijana anayelala hapo ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nimesukuma kwa mikono miwili, halikutikisika. Nikamwita fundi papo hapo. Hilo halisubiri kampeni.

Saa 1 jioni. Vijana wanawapigia wahitimu. Mmoja kashika simu, jasho linamtoka. "Nianzeje, kaka?"

"Muulize alilala chumba gani."

Wakaongea dakika arobaini. Pesa wameitaja mwishoni kabisa.

Saa 4 usiku. Naingiza ahadi za leo kwenye daftari. Kuna safu ya chumba kitakachopewa jina la mtoaji. Kwa yule mzee naandika: vinyunyizio, ghorofa zote, hataki kibao cha jina. Barua yake ya shukrani naiandika kwa mkono, nitaiposti asubuhi.