Nilivyoishusha ekskaveta mlimani kwa njia ndefu

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: pita njia fupi. Mteremko wenyewe kilomita 6 tu, utaokoa mafuta na muda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimebeba nini. Nilikuwa na ekskaveta, yaani mashine ya kuchimbia, juu ya lobedi, tela lililo karibu na ardhi la kubebea mitambo, na mzani ulisoma tani 42 kwa jumla. Naandika haya kwa hasira kidogo, kwa sababu ushauri huo bado unatolewa, na wengi wanaoutoa hawajawahi kukanyaga breki hadi sakafuni na gari lisisikie.

Mimi nimewahi. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa na lori dogo kuliko hili, nilishuka mlima kwa kanuni niliyorithi kwa madereva walionitangulia: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kanuni hiyo iliyafaa magari ya zamani yenye injini dhaifu. Injini za siku hizi zinapanda na gia kubwa, na gia hiyohiyo wakati wa kushuka haizuii kitu. Nilianza na ya tano. Kufika katikati injini inalia, mguu wangu hautoki kwenye breki, na kabini imejaa harufu ya lainingi, yale mabamba ya breki yanayosugua, zikiungua. Nikaongeza kosa la pili: nikataka kurudi gia ya nne. Ya tano ikatoka, ya nne ikakataa kuingia, na ya tano nayo nilipoirudia ikagoma. Lori likawa huru. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na mshale wa kasi ukaendelea kupanda. Dramu, lile pipa la chuma la gurudumu ambalo viatu vya breki hulibana kwa ndani, ikishapata moto sana hutanuka ikavikimbia viatu vya breki, na lainingi iliyoiva hata ikigusa haishiki.

Kilichotuokoa ni barabara yenyewe. Mbele palikuwa na kipande kinachopanda, kama mita 300 hivi, mwendo ukaishia pale. Utingo aliruka na kabari kabla hatujaanza kurudi nyuma. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Akachukua dumu la maji ayamwagie, nikampigia kelele aache, maana dramu ya moto ikipata maji ya baridi inaweza kupasuka. Tulikaa pale saa mbili bila kusemezana.

Basi safari hii umbali niliuweka pembeni, nikaanza na mteremko. Njia zilikuwa tatu. Ya tatu ilikufa mapema: ilikuwa na daraja lenye kibao cha tani 30. Zilizobaki zote mbili zilishuka kutoka kilele kilekile hadi bonde lilelile, mita 540 kwenda chini. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Tani 42 zikishuka mita 540 zinaachia joto karibu sawa na la kuchoma lita 6 za dizeli, upite njia fupi au ndefu. Tofauti ni jinsi unavyolipokea. Njia fupi inakumwagia lote ndani ya kilomita 6, mteremko wa asilimia 9, yaani unashuka mita 9 kila mita 100. Ile ndefu inalitandaza kwenye kilomita 13 na nusu, asilimia 4, na kwa asilimia 4 breki ya injini, yaani injini yenyewe ikivuta nyuma kupitia gia, inaweza kulizuia gari karibu peke yake.

Lakini wastani nao unadanganya. Nilishuka njia ndefu na pikapu kwanza, nikiandika mwinuko kwenye daftari kila baada ya kilomita moja. Katikati nikakuta kipande cha kilomita moja na nusu chenye asilimia 8. Nikakizungushia duara, na kwa bahati baada yake palikuwa na uwanja tambarare wa kuegesha.

Tatizo lililonikosesha usingizi lilikuwa kalavati moja, kidaraja cha kupitishia maji chini ya barabara, lililoinuka kama mgongo wa ng'ombe. Lobedi ina tumbo chini. Ukilikwamisha juu ya tuta, magurudumu yanayosukuma yanaweza kuning'inia na wewe umeziba barabara. Tulichukua kamba ya mita 9, urefu wa kutoka ekseli ya nyuma ya kichwa hadi ekseli ya kwanza ya tela. Tumbo la lobedi liko sentimita 30 kutoka ardhini, kwa hiyo kila mmoja alishika ncha yake kwa kimo hicho, kamba imekazwa, tukatembea tumeinama kuvuka kalavati kama magurudumu yatakavyovuka. Utingo akapaza sauti: "Kaka, kamba imelala chini!" Tukarudia kwa kukanyaga juu ya mbao nene pande zote mbili, ikapita. Siku ya safari tulizipanga mbao hizohizo, na utingo akalala kifudifudi pembeni akichungulia. Tumbo lilipita kwa nafasi ya vidole viwili. Kamba ile ninayo hadi leo.

Kupanda sina la kusema, ni kuangalia joto la injini na kuwa mvumilivu. Juu kabisa nilisimama, nikaweka gia ya tatu gari likiwa limetulia, kwa sababu gia ya kushukia huchaguliwa kileleni. Nikajiwekea mpaka: kilomita 30 kwa saa. Kasi ikigusa 30, nakanyaga breki kwa uthabiti hadi 25, naachia kabisa, zipumue. Usiuache mguu ukigusagusa breki njia nzima, hapo ndipo zinapoiva. Nyuma yangu kulikuwa na msururu wa magari madogo yakipiga honi. Sikuongeza hata kilomita moja. Kwenye uwanja ule tambarare nikawapisha wote, nikaweka kabari na kuacha breki zipoe.

Tulipofika bondeni nilizunguka gari zima, nikisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu. Gurudumu moja la tela upande wa kulia lilichoma zaidi ya wenzake, yaani breki yake ilikuwa inabeba kazi ya wengine. Nikamwita utingo alete spana, tukazirekebisha zote zilingane kabla ya kuendelea.